Kushoto na Kulia

Yellowknife, Februari. Nje ni arobaini chini ya sifuri,
gari limechomekwa waya ukutani kama mgonjwa wa dripu,
nami mezani na daftari la shule, kurasa tisini na sita,
lililonigharimu dola moja na nusu
na kunifaa kuliko dalali yeyote.

Kushoto naandika walichosema.
Kulia naandika kilichotokea.
Katikati nimepiga mstari kwa rula ya marehemu Alphonse,
rubani, aliyeniachia hisa elfu nne
za kampuni ya simu za setilaiti
kwa sababu, alisema, huku kwetu mnara haukufuati.

Mwaka wa kwanza, kushoto: "Setilaiti mpya nane kabla ya machipuko."
Kulia: machipuko yalikuja. Yakaja tena. Na tena.
Roketi ilipopaa hatimaye, ilibeba tano.

Mwaka wa tatu, kushoto: "Hatutatoa hisa nyingine."
Kulia: zilizaana kama sungura.
Kipande changu cha mkate hakikubadilika jina,
ila kilikuwa chembamba hata nikaona taa upande wa pili.

Mwaka wa nne Bwana Lorne Pettigrew, mkurugenzi mtendaji,
tai ya buluu, picha ya ukurasa mzima,
aliandika neno "mageuzi" mara kumi na saba. Nilihesabu.
Bei ilishuka hadi senti thelathini,
bonasi yake ikapanda.
Kulia sikuandika neno. Nilichora duara.

Ahadi ni deni. Basi nimepekua mizania yao:
deni la benki, la hatifungani, la pango la ghorofa kule Calgary.
Ahadi sikuiona hata moja.
Huwa wanaziweka wapi?

Lakini.

Mwaka wa sita, maelezo ya chini, namba kumi na nne,
herufi ndogo kama sisimizi:
"Betri tulizikadiria vibaya. Kosa ni la idara yangu.
Setilaiti mbili zitakufa kabla ya Oktoba."
Sólveig Thordarson, mhandisi mkuu.
Zilikufa mbili. Septemba.
Ndiyo mara pekee kushoto na kulia kusema neno moja,
na lilikuwa neno baya,
nami nikalipigia mstari kwa wino.

Kuna jingine, la kabla ya daftari.
Alphonse kwenye barafu, ndege imelalia ubavu,
simu yao mkononi:
"Ni mzima, Marguerite. Ski imevunjika. Niko ziwa la—"
Ikakatika.
Tulimtafuta ziwa kwa ziwa, siku mbili.
Alirudi na vidole vinane vya miguu.
Nani atanipigia hesabu ya sekunde zile?
Faida ni sauti, hasara ni jina la ziwa.
Nimeziandika kwenye jalada,
maana jalada halina kushoto wala kulia.

Karatasi ya kura imefika, mkutano ni Alhamisi.
Pettigrew, miaka mitatu mingine: hapana.
Thordarson kuingia bodi: ndiyo, na kalamu nimeikandamiza.

Hisa je?

Nafunua nyuma, mwaka wa tano.
Kushoto, mwandiko wangu mwenyewe, umesimama wima kwa hasira:
"Wakikosa tena, nauza zote."

Kulia pako wazi.
Nachukua rula, naipangusa kwa mkono wa sweta,
nairudisha kwenye droo.