Mechi Iliyoahirishwa Mara Kumi na Moja

Januari ya sitini na tatu
maziwa yaliganda mlangoni,
yakakiinua kifuniko cha chupa
kama kidole kinachoomba ruhusa.

Baba, mtunza uwanja wa Ravensclough,
alimwaga chumvi, akatandaza nyasi kavu,
akawasha majiko ya makaa golini.
Kila Jumamosi refa alikuja,
akapiga kisigino chini: ngo!
akarudi zake stesheni bila kuvua glavu.

Sisi watoto tuliteleza mferejini
juu ya sinia za mama.
Kwetu ilikuwa raha tupu.

Kisha akafa Hedley Sugden,
aliyetuuzia tiketi langoni miaka thelathini.
Sururu za wachimba kaburi zilitoa cheche tu.
Baba hakusema neno.
Aliyapakia majiko yote kwenye toroli,
akayakokota hadi makaburini,
akakesha akipuliza,
udongo ukilegea inchi kwa inchi.

Machi, mechi ikachezwa. Tulifungwa manne.
Golini ilibaki miduara myeusi isiyoota kitu,
na langoni
watu walinyoosha sarafu
kwenye kidirisha kitupu,
kwa mazoea,
wakangoja chenji.