Sita, Saba, Nane, Saba

Saa moja na nusu, umande haujaondoka getini,
nafungua ofisi ya msitu: daftari, kitabu cha tiketi,
kopo la rangi nyeupe lililoganda mdomo.
Njia za Ngezi ninazozitunza ni mbili.
Fupi, ya saa moja, kwa wenye viatu vya mjini.
Ndefu, ya kutwa, hupita bwawani, ikachungulia mikandaa,
ikatokea Vumawimbi, kwenye mchanga usiojua kuisha.
Vigingi kumi na viwili. Nimevipiga mimi,
nambari nimeziandika mimi; ya nne imepinda
kwa sababu siafu hawakunipa nafasi ya kuinyoosha.

Wageni huuliza: kilomita ngapi?
Nawajibu. Ndiyo kazi.
Miguu yangu haihesabu hivyo.
Geti hadi mpapindi wa kwanza ni jasho la mgongo,
hadi daraja la magogo ni jasho la nyusi,
na baada ya hapo mtu huacha kusema,
husikia popo wakigombana usingizini, wananing'inia
kama mabuibui yaliyoanikwa na mtu
asiyerudi kuyaanua.

Jumatano alikuja baba.
Akaweka noti ya elfu mbili mezani,
akaikunjua kwa ncha za vidole.
"Mwenyeji bei gani?"
Baba, wewe hulipi.
"Andika," akasema. "Mara zote nilizoingia humu
sikuandikwa."

Nikaandika. Shaame Chumu, shehia, saa ya kuingia.
Mkono wake begani kwangu, tukashika njia.

Macho yake yaliharibikia humu.
Wapasua mbao ni wawili: mmoja juu ya gogo, mwenye upepo,
mmoja shimoni, anayevuta msumeno kwa chini
na unga wa mbao unamnyeshea usoni.
Baba alikuwa wa shimoni, miaka kumi na tisa.
Wa juu, Faki, amekufa anatunga uzi kwenye sindano.
Hiyo ni hesabu yao, siifungui.

Nilidhani nitamwongoza.
Kigingi cha pili akanizuia: "Hapa pana mzizi."
Palikuwa nao.
Cha tatu akanusa: "Kuna mti umeanguka, si zamani."
Ulianguka Jumapili.
Darajani akavua ndara, akazishika mkononi,
akavuka kama anayepita nyuma ya safu za wanaoswali.
Mimi, mwenye kofia yenye nembo, nikawa mgeni.

Kisha akasimama.
"Saba," akasema.
Hapana, baba, hiki ni cha tisa.
"Saba," akasema. "Wa saba. Mimi na Faki."

Kisiki cha mvule, kipana kama kibaraza cha watu sita.
Karatasi ya wageni inasema: hapa elezea uharibifu.
Naeleza kila siku, kwa lugha mbili, bila kukwama.
Siku ile maneno yalinigeuka kooni kama mwiba wa changu.

Akakaa, akapapasa kuvu.
"Ulikataa siku mbili. Ya tatu ukainama wenyewe."
Nikamuuliza mbao zilikwenda wapi.
"Mlango wa msikiti. Meza ya mudiri, Wete.
Na kitanda ulichozaliwa."

Hakuna chipukizi pale. Nimetazama pande zote;
wageni hupenda kuwe na chipukizi.
Kuna kaa mmoja wa nchi kavu, ana shimo chini ya gamba,
akatutolea gando moja kama mwenye nyumba
aliyeamshwa kabla ya saa yake.

Vumawimbi hatukufika. Baba alisema
bahari anaisikia kutoka hapo, yatosha,
na kwamba njia ndefu si lazima imalizwe
na mtu aliyeianza kwa msumeno.

Alhamisi nilirudi na kopo, nikalitoboa kwa msumari.
Kile cha tisa nikakifuta.
Sasa njia inahesabiwa hivi: sita, saba, nane, saba, kumi.
Wageni makini husimama, hutazama ramani,
hunionyesha kwa kidole, kwa upole, kwamba nimekosea.

Nawaambia: najua.
Kisha nawaomba wavue viatu.