Kupangisha Kiini

Bodi yenyewe haizidi kiberiti.
Tuntufye aliileta Jumatatu, kaifunga kwa gazeti kama vitumbua,
akaiweka mezani kwangu, Tabata Segerea.
Kampuni haina hela ya bodi mbili, akasema.
Hiihii iendeshe pampu,
hiihii ipokee malipo ya simu.
Na wawili hao wasijuane.

Mfumo wa pampu ni mzee. Aliyeuandika kahamia Mbeya
na hakuacha maelezo, ila neno moja pembeni: *usiguse*.
Usipopewa zamu yake kila sehemu ya mia ya sekunde
mota inaungua, na ghorofa tatu za Kijitonyama
zinashika ndoo.
Mfumo wa malipo ni kijana. Anaanguka, anainuka,
kila wiki ana toleo jipya na kelele mpya.
Ukiwalaza chumba kimoja, asubuhi utazika mzee.

Nikafungua kiini.
Miaka sita nakijua. Kimezoea ubwana:
rejista zote zake, saa yake, kumbukumbu yake mpaka ukutani.
Nikakipandisha ngazi moja, pale kichakataji kilipoacha nafasi
ambayo hatukuwahi kuitumia,
nikakiambia: kuanzia leo hukai tu. Unapangisha.

Kupangisha nimekuona kwa Bi Siwatu.
Vyumba saba, mita moja ya umeme.
Kila mmoja wetu husema "naenda kwangu"
na hakuna mwenye hati.
Basi kila mgeni nikampa sifuri yake:
anwani zake zianze moja, kama dunia imeanzia kwake.
Anasema, nipe ukurasa wa kwanza.
Jedwali langu la pili halibishani,
linamshika mkono kimyakimya
hadi ukurasa wa elfu nne na ushee.

Na mita haiguswi.
Ukinyoosha kidole tu, mlango wa Bi Siwatu umefunguka:
*Unataka nini?*
Anakwenda mwenyewe, au anajifanya amekwenda,
anarudi: *tayari.*
Hodi zote za nje zinapigwa kwake kwanza.
Yeye ndiye ajuaye ya nani,
nani amelala, nani aamshwe,
nani aambiwe kesho.

Usiku wa tatu pampu ikachelewa.
Si sana. Mara moja katika dakika saba, kama mtu anayesahau jina.
Nikamshuku kijana. Nikamshuku mzee.
Nikapekua vyumba vyao mpaka chini ya godoro.
Kumbe kosa ni la mwenyeji, la miaka sita,
mstari nilioupita mara elfu:
hakihifadhi rejista ya saa kinapogeuka,
maana hakijawahi kugeuka kikakuta mtu.
Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nilidhani wanazungumzia kuku.

Ndipo giza. Feni saba zikashusha pumzi pamoja.
Kidole changu kiko juu ya herufi.

*Nani anawasha mitambo usiku wa manane?*
Mimi, Bi Siwatu.
*Uniti umezila wewe.*
Mimi.
Nikanunua za elfu kumi kwa simu, peke yangu, bila kuomba mchango.
Korido nzima tukaipapasa, kanga yake ikiburuza,
miwani kaisahau, nikamsomea tarakimu ishirini
nne nne, polepole. Nikaona kidole chake kinatetemeka,
nikanyoosha changu.
Akakipiga kofi.
*Soma wewe. Kubonyeza kazi yangu.*

Mwanga ukarudi. Chumba cha tatu mtoto akakohoa.
Hakuna aliyetoka kuuliza nani kalipa.

Nikaongeza mstari mmoja. Nikafuta kumi na moja.
Nikakaa kuangalia namba mpaka adhana ya alfajiri:
dakika saba, kumi na nne, ishirini na moja,
mzee anazungusha maji yake,
kijana kaanguka mara mbili, kainuka mara mbili.

Saa kumi na mbili Tuntufye akaandika: *Pampu je?*
Nikajibu: *Haina habari.*
Akapiga simu, kashtuka.
Ikabidi nimweleze kwamba hizo ndizo habari njema.