Kadi ya Adongo

Muhoroni, Jumanne, siku ya mizani.
Upepo umebeba harufu ya molasi kutoka kiwandani
na watoto wananing'inia kwenye ndoano, mmoja mmoja,
kama mikungu ya ndizi, ila ndizi hazilii.

Daktari kaandika kwenye kadi: Hajanawiri.
Kisha akaenda chai.
Mimi, mwenye fulana ya kujitolea na kalamu ya kuazima,
ndiye wa kumweleza Apondi.

Kunawiri.
Neno hili nimelijua kwa nyasi baada ya mvua,
kwa uso wa bi harusi uliopakwa mafuta.
Kustawi nako tumewaachia miwa:
madereva wa trekta husema shamba fulani limestawi,
wakatema ganda dirishani.
Miezi mitatu, kilo nne na ushee.
Nitaiweka wapi kati ya nyasi na muwa?

Nasipwondi akadakia kutoka kwenye benchi:
kwetu ni khukhula.
Akaivuta ile kh kooni
kama mtu anayepuliza kuni mbichi.
Taprandich hakusema neno.
Alibonyeza paja la mwanawe, nyama ikarudi,
akatutazama. Basi.

Apondi aligeuza kadi juu chini, akaigeuza tena.
"Walikuwa wawili," akasema.
"Apiyo alitangulia kuja, akatangulia kwenda.
Huyu ni Adongo. Odong'. Amebaki.
Sasa unaniuliza kama anakua?
Kubaki na kukua, kwetu, ni majirani wa ukuta mmoja:
la kwanza unalifungia puani,
la pili unaliachia mdomo wazi."

Odong'. Odongo.
Nikajaribu yote mawili, nikakosea yote mawili.
Benchi zima likacheka,
hata yeye, kidogo, mkono mdomoni.

Nilimweleza habari ya uji wa wimbi, wake yeye, si wa mtoto,
na anyonyeshe hata usiku,
na asimsikilize mama mkwe kuhusu maji ya sukari.
Alitikisa kichwa kwa yote
isipokuwa hilo la mama mkwe.

Neno la daktari sikulifuta. Si langu.
Chini yake palikuwa na nafasi ya kidole,
nikaandika kwa wino uliokuwa ukikatakata:
Yupo. Arudi Jumanne.

Adongo, bado ndani ya mfuko wa mizani,
akapiga teke moja,
na mshale ukakataa kutulia.