Kiti cha Pili

Jumanne, saa kumi na mbili unusu, ghorofa ya tatu.
Chini yetu Luthuli wanajaribu spika,
moja, mbili, moja, mbili,
na Madamu Nzigire anangoja besi ipumue
ndipo aandike ubaoni: le, la, les, lui, leur.

"Hapana ogopa," anasema kwa Kiswahili cha Bukavu,
"hivi ni vitu vidogo. Vinakaa mbele ya kitenzi,
kama kwenu, kama kwetu. Ninakuona. Je te vois.
Kiingereza kiache mlangoni, pamoja na miavuli."

Kweli, vimekaa palepale.
Miaka yote nimembeba mtu katikati ya neno
bila kuhisi uzito:
nikamwita, nikampikia, nikamngoja,
m, midomo imefungwa,
m, kama mtu aliyekataa kujibu.

Halkano, dereva wa malori ya Goma, anauliza
hii en ni kitu gani, haina umbo, haina jina,
na eti kila mtu anaielewa.
Kabla hajajibiwa anajijibu:
mpakani, usiku, askari wawili,
je leur en ai donné.
Tunacheka hadi chaki inaanguka.
En, kumbe, ndiyo kitu kidogo.

Wambeti wa maabara ya Ngara analia na jinsia:
meza iwe mwanamke, daftari liwe mwanamume, kwa ushahidi upi?
Namwambia, dada, sisi tulichapwa kwa ngeli
zaidi ya kumi, leo mbili zitutoe jasho?
Nasema hivyo. Kisha zamu yangu inafika.

"Nafuna. Kitu ulichorudisha, na uliyemrudishia."

Ningeweza kusema sahani ya jirani.
Ulimi ukaokota ufunguo wa nyumba ya Buruburu,
wenye utepe mwekundu, jino moja limelika,
uliofungua mlango uleule miaka tisa.

Kwa lugha yangu ni neno moja: nilimrudishia.
Humo yumo yeye. Ufunguo haumo.
Hivyo ndivyo nilivyowaambia dada zangu, harakaharaka,
na hakuna aliyeuliza, nini?

Kifaransa kinauliza.
Je lui la, naanza, na Madamu anafuta kwa kiganja.
"La kwanza. Yeye anakaa nyuma ya kitu.
Ingekuwa ni wewe unayepewa, me ingetangulia:
il me l'a donnée. Lakini yeye, hapana. Yeye ni nyuma."

Nikaona basi jinsi mambo yalivyokwenda.
Siku aliponipa, nilikuwa mbele ya ufunguo.
Siku nilipomrudishia, ufunguo ulikuwa mbele yake.

Je la lui ai rendue.
Na pale mwisho e, inayoandikwa na haitamkwi,
kwa sababu kitu kilitangulia
na kitenzi kimebaki na alama yake.
"Unaisikia?"
"Sisikii."
"Njo vile. Andika tu."

Saa mbili Luthuli wanashusha milango ya chuma.
Mvua imeacha ngazi na utelezi.
Natembea kuelekea Ngara nikijaribu kuwaketisha wote wawili
ndani ya neno langu: niliumrudishia.
Mdomo unakataa. Kiti ni kimoja,
na siku zote alikikalia yeye.

Karibu na wauza mahindi nageuza,
naanza na ufunguo wenyewe:
ufunguo niliomrudishia.
O, ufunguo, mdomo wazi.
M, yeye, mdomo umefungwa.
Wameenea.

Ila hiyo bado si sentensi.
Ufunguo niliomrudishia,
naambia lami, naambia taa ya duka la dawa,
ufunguo niliomrudishia,
na baada yake pana nafasi ya kitenzi
ambacho bado hatujafundishwa.