Boksi Moja

Dukani Førde, Ragnfrid aipima bunduki kwa kidole kimoja:
nyepesi kama mwiko.
Muuzaji amsifia risasi nene, ya kuangusha dubu.
"Dubu yuko wapi? Nataka kulungu mmoja tu,
kabla theluji haijafunga njia ya juu."

Bega la kulia lina chuma tangu ateleze mwaka juzi,
na bunduki nyepesi haisamehe:
uzito ulioukwepa mlimani
inakudai begani.

Achukua milimita sita na nusu, boksi moja.
Marehemu Oddvar angecheka: si hiyo ya kutobolea karatasi!
Yake ilinguruma bonde zima, naye akifyatua kafumba macho;
mara mbili walifuata damu hadi usiku, kwa tochi.

Ragnfrid analipa.
Ndogo, ndiyo. Ila atakuwa anatazama.