Glasi ya Tatu

Kizuri chajiuza, walisema.
Basi mbona chetu kilikaa kimya rafuni
misimu miwili, shingo zimefungwa nta,
huku magari ya watalii yakipunguza mwendo langoni
na kwenda zao?

Bwana Bertalan alibandika karatasi kwenye friji:
Tabasamu. Taja udongo wa volkano.
Taja miaka ya pipa. Taja gramu za sukari.
Wa bei kubwa uje mwisho.
Mteja asifike mlangoni mikono mitupu.
Nikakariri yote kama mtoto wa chekechea,
nikamimina yote, mgeni kwa mgeni,
wao wakitazama saa,
wakitazama ndoo ya kutemea.

Ilikuwa Oktoba. Ukungu ulipanda kutoka mto Bodrog
ukalala juu ya mizabibu
kama blanketi lililosahauliwa na mtu.
Sisi wa Tokaj tunaupenda, ndio unaoozesha zabibu,
na zabibu zisipooza vizuri
hatuna cha kujivunia.
Kengele ya mlango ikalia mara moja.
Bibi mmoja, koti limelowa mabegani,
na kijana amemshika kiwiko.

Nikaanza: "Karibuni. Udongo wetu ni wa volk—"

"Mwanangu," akasema, "kuna kiti?"

Hapakuwa na kiti.
Miaka sita nimesimama nyuma ya kaunta ile
na sikuwahi kuona kwamba hapana kiti.
Tulikuwa na taa za kumulika chupa,
tulikuwa na ramani ya mashamba ukutani
yenye vitufe vya kuwaka rangi,
na pa kuketi, hapana.

Nikaenda stoo, nikatoa kigoda cha kuvulia buti.
Nikaosha glasi upya, maana ya kwanza
ilinuka kitambaa.
(Nilijua inanuka. Siku zote nilijua.)
Nikaleta maji kabla ya mvinyo,
na mkate wa mbegu niliouficha
kwa chakula changu cha mchana.
Kisha nikafanya jambo ambalo halikuandikwa kwenye friji:
nikanyamaza.

Si rahisi. Ulimi uliozoea kuuza
huwasha kama kidonda kinachopona.
Glasi ya kwanza, akakunja uso: "Mkali."
Nikataka kuutetea. Nikameza utetezi wangu.
"Mkali, ndiyo."
Ya pili akaionja kidogo, akampa kijana.
Ya tatu, ile tamu, rangi ya chai iliyokaa,
akaishikilia mdomoni
hadi nikadhani amesinzia.

"Zile safu za juu," akauliza,
"karibu na msalaba wa mawe,
bado mnachuma kwa mkono, punje moja moja?"
"Bado, bibi."
"Nilichuma pale nina miaka kumi na minne.
Tulikatazwa kula."
"Hata moja?"
"Hata moja. Jioni msimamizi
alitupanga mstari, akatukagua ndimi."

Kijana akamgeukia
kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.
Nami nilitaka kumsomea habari za udongo
mtu aliyeupeleka nyumbani chini ya kucha!

Nikamjazia tena. Sikuuliza.
Akanywa polepole, kisha, kwa kituko,
akanitolea ulimi, mrefu, wa dhahabu,
nikaukagua,
tukacheka hadi kijana akaona haya.

Jioni Bwana Bertalan akauliza: "Chupa ngapi?"
"Hakuna."
"Hakuna?" kama mtu aliyeuma changarawe.
Nikamwambia habari ya ulimi.
Akafuta miwani yake, akaivaa, akaifuta tena.
Glasi ya ziada akaikata kwenye mshahara wangu hata hivyo.
Lakini kesho yake, nilipovunja ramani ya vitufe ukutani
kupata nafasi, hakuuliza ni nafasi ya nini.

Kiti nilikitoa kwangu, cha jikoni, cha bluu.
Mguu mmoja ni mfupi.
Nimeutegea kizibo.